Maada giza ni nini, na dhana mpya kuihusu hupimwaje

Maada giza ni tungamo lisilotoa mwanga, lisilomeza mwanga wala kuuzuia, ila mvutano wake unaonekana wazi katika mwendo wa nyota na galaksi. Kwa hesabu zilizotokana na satelaiti ya Planck, vitu vya kawaida (nyota, gesi, mawe, miili yetu) ni takriban asilimia 5 tu ya vyote vilivyomo ulimwenguni. Maada giza ni kama asilimia 27. Zilizobaki ni nishati giza, ambayo ni jambo jingine kabisa: inahusu kupanuka kwa ulimwengu kunakozidi kushika kasi. Wengi huzichanganya, na mjadala huvurugika hapo hapo.

Tatizo lenyewe ni la hesabu. Dunia hulizunguka Jua kwa kilomita 29.8 kwa sekunde. Neptuni iko mbali mara 30 zaidi; gawanya 29.8 kwa kipeuo cha pili cha 30, unapata 5.4, na hiyo ndiyo kasi yake halisi. Kanuni hii, ya kasi kupungua kwa kipeuo cha pili cha umbali, inafanya kazi kwa sababu karibu tungamo lote la mfumo wetu limo ndani ya Jua. Katika galaksi nako mwanga mwingi umejaa katikati, hivyo nyota za pembeni zingepaswa kwenda polepole. Wanaastronomia Vera Rubin na Kent Ford walipotoa vipimo vyao vya galaksi ya Andromeda mwaka 1970, kasi haikushuka ilivyotarajiwa. Kabla yao, mwaka 1933, Fritz Zwicky alikuwa ameona kwamba galaksi za kundi la Coma zinakimbia mno. Mvutano wa vitu vinavyoonekana usingetosha kuzishikilia pamoja.

Kila mtu ana haki ya kujaribu kulielezea pengo hilo, na wengi wasio wanasayansi hujaribu. Dhana hizo zinastahili kusikilizwa, lakini zipigiwe hesabu. Anayesema ni vumbi akumbuke kwamba vumbi huzuia mwanga wa nyota, hupata joto na kung'aa katika miale ya infraredi, kwa hiyo lingeonekana. Anayesema ni mashimo meusi au nyota zilizokufa ajue kwamba katika miaka ya 1990 watafiti walifuatilia mamilioni ya nyota za Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo jirani, wakingoja nyota ing'ae ghafla kitu cheusi kinapokatiza mbele yake na mvutano wake kukusanya mwanga. Matukio yalikuja, ila machache mno. Neutrino, chembe ndogo zisizo na chaji, zipo kweli, lakini ni nyepesi na zilikuwa na mwendo mkali mno kuweza kurundikana na kuanzisha galaksi. Usumaku nao hausukumi nyota, maana nyota kwa ujumla haina chaji ya umeme.

Dhana yenye nguvu zaidi ni ile inayosema hakuna kilichofichika, ila kanuni ya mvutano ndiyo ina kasoro. Mordehai Milgrom aliitoa mwaka 1983, na inaeleza mizunguko ya galaksi vizuri sana. Historia imeona njia zote mbili zikishinda. Sayari ya Uranus ilipokengeuka njia iliyotabiriwa, kilichofichika kilipatikana mwaka 1846: Neptuni. Sayari ya Zebaki ilipokengeuka, sayari nyingine iliyokisiwa haikuwepo, na mwaka 1915 Einstein akaonyesha kwamba kanuni ndiyo ilihitaji kubadilishwa. Kikwazo cha Milgrom ni makundi ya galaksi. Katika Kundi la Risasi, makundi mawili yaligongana. Gesi, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya maada ya kawaida, ilibaki nyuma ikitoa eksirei, huku mvutano unaopinda mwanga ukiendelea mbele pamoja na galaksi. Dhana isiyoeleza mtengano huo bado haijafika.

Mitambo iliyochimbiwa ardhini, kama LZ kule South Dakota wenye tani 10 za zenoni, inangoja chembe ya maada giza igonge atomu moja. Hadi sasa haijathibitishwa hata moja.

Sehemu ya kipimo chenyewe cha kasi unaweza kuifanya nyumbani, kwa gesi ya hidrojeni ya galaksi yetu, Njia Nyeupe. Hidrojeni hutoa mawimbi ya redio kwenye megahezi 1420.4. Unahitaji antena ya pembe ya mabati yenye mdomo wa sentimita 70 hivi, kikuza mawimbi chenye kichujio, na kipokezi kidogo cha kuchomeka kwenye kompyuta. Sehemu ya Njia Nyeupe iliyo digrii 30 kutoka kitovu cha galaksi hupita karibu utosini ukiwa Mwanza au Nairobi: mwanzoni mwa Julai elekeza antena juu moja kwa moja, kwenye saa sita na nusu usiku. Kila siku inayofuata itawahi kwa dakika 4. Gesi inayokwenda mbali nasi huonekana kwa masafa yaliyopungua: pungufu la megahezi 1 ni kasi ya kilomita 211 kwa sekunde. Gesi inayokimbia kuliko zote hapo huonekana karibu na 1419.9, yaani 110 hivi. Jumlisha 110, sehemu ya mwendo wa Jua kuelekea upande huo, upate 220. Gesi hiyo iko nusu ya umbali wa Jua kutoka kitovuni, lakini inakwenda sawa na Jua. Kama tungamo lote lingekuwa kitovuni, ingekwenda 311, yaani 220 mara kipeuo cha pili cha 2.

Makosa ya kawaida ni matatu. Kipokezi cha bei nafuu hukosea masafa, na kosa la sehemu 50 kwa milioni hugeuka kilomita 15 kwa sekunde. Mwendo wa Dunia unaweza kuongeza au kupunguza hadi 30, kutegemea mwezi. Antena ndogo nayo huona upana wa digrii 20 hivi, ikachanganya gesi ya jirani na kukupa kasi iliyozidi. Dishi la mita 2 hupunguza hilo hadi digrii 7. Kipimo hiki pia kinafaa kwa gesi iliyo ndani ya mzunguko wa Jua tu, ambako nyota zenyewe zina tungamo kubwa. Ushahidi mzito wa maada giza uko nje ya mzunguko huo, na huko lazima kwanza upate umbali wa gesi kwa njia nyingine.