Ufa hausubiri kikao: Kilwa inavyotufundisha kutunza magofu pamoja na wenyeji

Picha iliingia kwenye simu asubuhi na mapema, hata chai sijanywa. Ukuta wa matumbawe, mzizi umepita katikati, na pembeni ya ufa mtu kaweka kidole chake ili nione upana. Chini yake maneno machache tu: "Huu juzi haukuwepo, ni mvua ya usiku hii." Aliyetuma ni mvuvi wa Kilwa Kisiwani, sio mtumishi, hana mshahara wala kitambulisho cha ofisi yoyote, ila anapita pale kila siku akishuka pwani na kile kipande cha ukuta anakijua kama anavyoijua mashua yake. Sisi wataalam wa malikale tungeuona lini ule ufa? Kwenye ukaguzi unaofuata labda, kama bajeti ya safari ipo na bahari imetulia.

Naanza na hiyo picha kwa sababu watu wengi wananiuliza, nyie watu wa mambo ya kale mbona mnakutana sana, semina huku kongamano kule, hivyo vikao vinayasaidia nini hayo majengo? Swali la haki kabisa. Jibu langu ni kwamba vinasaidia, tena sana, lakini aliyepiga ile picha inabidi awe amekaa mle ndani na yeye, aongee kwa lugha yake, na alichosema kiandikwe kama kinavyoandikwa cha profesa.

Kwa ambao hawajafika, Kilwa Kisiwani unavuka na boti kutoka Kilwa Masoko, sio mbali hata kidogo, unaona Gereza, ile ngome ya zamani, limesimama ufukweni kabla hujashuka. Huu ndo mji ambao Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, aliufikia mwaka 1331 akausifia kuwa ni katika miji mizuri kabisa aliyoiona. Dhahabu ya Sofala, bandari ya kale kwenye pwani ya Msumbiji ya leo, ilipita hapa. Msikiti Mkuu ulianza kujengwa karne ya 11 ukaja kuongezwa baadaye kwa makuba na matao ambayo mpaka leo fundi akiingia anatazama juu anakaa kimya, na Husuni Kubwa, kasri la Sultan al-Hasan bin Sulaiman, lina kidimbwi cha kuogea cha pembe nane juu ya jabali linaloangalia bahari. Sarafu yenye jina la huyo Sultan imekutwa kwenye magofu ya Great Zimbabwe, huko bara kabisa. Songo Mnara, kisiwa jirani, kuna mabaki ya misikiti mitano, kasri na nyumba thelathini na kitu za mawe, unatembea vyumbani mwa watu waliolala hapo miaka mia sita iliyopita, vidaka vya ukutani bado vipo.

UNESCO iliyaingiza magofu haya kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981. Sawa, heshima kubwa. Alafu mwaka 2004 yakaingia kwenye orodha nyingine, ya urithi ulio hatarini, maana kuta zilikuwa zinaanguka, mawimbi yanakula ufukwe chini ya Gereza na kule msikiti wa Malindi wa hapo hapo kisiwani, mizizi inapasua makuba, na watu wanalima na kujenga katikati ya magofu bila mpango wowote. Yaani miaka 23 ya kuwa na jina kubwa duniani haikuzuia jiwe hata moja kudondoka, jina peke yake halina mikono.

Yakatoka kwenye orodha ya hatari mwaka 2014, na hapa ndo nataka tukae kidogo kwa sababu hii habari husemwa kwa kifupi mno. Pesa ya nje ilikuja, kweli, kuna World Monuments Fund, shirika la kutunza majengo ya kale, kuna Ufaransa, Marekani na wengine, na wataalam wetu wa ndani walifanya kazi kubwa. Ila kazi yenyewe ilishikwa na watu wa kule kule. Vijana na wazee wa visiwani walifundishwa ukarabati wa chokaa, zikawepo kamati za magofu kwenye vijiji, na wanakijiji ndo walioingia kwenye matope kupanda mikoko ili mawimbi yapunguze nguvu kabla hayajafika kwenye kuta. Mkoko ukipandwa na mtu wa mradi, mradi ukiisha mbuzi wanamaliza. Ukipandwa na mama ambaye watoto wake wanavua kaa hapo hapo, anaulinda.

Sasa chokaa. Naomba mnivumilie hapa maana ndo somo ninalolipenda kuliko yote.

Kuta za Kilwa zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyotokana na matumbawe yaliyochomwa. Tumbawe linanyonya unyevu na kuutoa, linapumua, na chokaa nayo inapumua pamoja nalo. Mtu akija na simenti kwa nia njema kabisa akaziba ufa, ameziba pua ya ukuta. Simenti ni ngumu na haipitishi maji, kwa hiyo unyevu wenye chumvi ya bahari unatafuta njia nyingine, unapitia kwenye jiwe lenyewe, ukikauka ile chumvi inaganda ndani ya vitundu vya jiwe na kulivunja taratibu mpaka linakuwa unga. Miaka kadhaa baadae unakuta kile kiraka cha simenti kimebaki kimesimama kama jino na jiwe la pembeni limeliwa lote. Nimeyaona haya kwenye jengo moja la pwani, silitaji, ambalo mimi mwenyewe nilikuwepo kwenye timu iliyopitisha ile kazi, nilikuwa kijana, mkandarasi alisema simenti itakaa milele na hakuna aliyemuuliza fundi wa pale mtaani.

Fundi wa namna hiyo nilikuja kumpata baadae, mzee ambaye alinisimamisha mbele ya shimo la chokaa iliyozimuliwa, yaani iliyochomwa kisha ikatiwa maji. Akachota kidogo, akaisugua katikati ya dole gumba na kidole cha shahada, akasema, "Mwanangu, hii bado ina mchanga mchanga, bado hai. Iache ilale." Nikamwambia ratiba inasema tuanze kesho. Akaniangalia tu. "Ratiba yako itaanguka na ukuta." Tulisubiri wiki kadhaa, kila siku anaifunika isikauke, na alipoichota tena ilikuwa laini kama samli, hapo ndo akakubali ichanganywe na mchanga. Kwenye vitabu vyetu ipo, kwamba chokaa ikizimuliwa ikakaa muda mrefu ndani ya maji inakuwa bora. Nilikuwa nimeisoma hata mtihani niliufanyia. Lakini kujua ni siku gani imeiva, hiyo haimo kwenye kitabu, imo kwenye vidole vya yule mzee na wenzake wachache waliobaki.

Na mizizi hivyo hivyo. Mgeni akiona mti umeota juu ya ukuta anataka kuung'oa siku hiyo hiyo. Wenyeji wa Songo Mnara watakwambia taratibu, maana kuna mizizi imeshakuwa ndo kamba inayoushika ukuta, ukiivuta umeangusha kila kitu. Unakata shina juu, mzizi unauacha ufe polepole, unajaza chokaa na vijiwe pale unapopungua.

Ndo maana nasema kikao cha wataalam bila hawa watu kina pengo. Ila nisiviponde vikao, maana kuna mikutano iliyobadilisha kabisa namna dunia inavyotutazama, na ni vizuri umma ukajua. Mwaka 1994 watu 45 kutoka nchi 28 walikaa mji wa Nara, Japani, wakajadili neno moja tu, uhalisia. Kabla ya hapo mizania ilikuwa ya majengo ya mawe ya Ulaya, kwamba jengo la kweli ni lile ambalo vitu vyake ni vile vile vya mwanzo. Wajapani wana mahekalu ya mbao ambayo mbao zake hubadilishwa kizazi hadi kizazi na ufundi ni ule ule. Nara wakakubaliana kwamba uhalisia upimwe ndani ya utamaduni wenyewe. Kwetu pwani hii ni kubwa sana, maana dari ya boriti za mikoko na mlango wa kuchonga vinahitaji kubadilishwa na kupakwa, na anayejua kuvibadilisha ni sehemu ya urithi.

Alafu Mei 2000 wataalam wakakutana Great Zimbabwe, hapo hapo kwenye magofu, kujadili jambo hilo kwa macho ya Afrika: sheria za kimila, miiko, mahali ambapo hakuna hata jengo lakini watu wanapaheshimu. Na mwaka 2007, kikao cha Kamati ya Urithi wa Dunia kule Christchurch, New Zealand, jamii ziliongezwa rasmi kwenye malengo makuu ya mkataba wa Urithi wa Dunia. Mkataba wenyewe ni wa 1972. Hesabu mwenyewe ni miaka mingapi mwanakijiji alikuwa nje ya mlango.

Sisi wa ukanda huu tulipata bahati nyingine pia, programu ya AFRICA 2009 ya kufundisha utunzaji wa majengo ya kale, iliyoanza 1998, ambayo mafunzo yake kwa nchi zinazotumia Kiingereza yalifanyika Mombasa. Watu wa malikale kutoka nchi mbalimbali walikaa pamoja wiki nyingi, wanatoka darasani wanaenda kupima ukuta, wanarudi wanabishana. Wengi wanaoshika majengo ya Afrika leo walijuana pale, mtu akipata tatizo la popo kwenye dari anajua ampigie nani. Hiyo ndo faida ya kukutana ambayo haionekani kwenye ripoti.

Sasa kinachoniuma. Vikao vyetu vingi bado vinafanyika kwenye ukumbi wa hoteli, mbali na gofu linalojadiliwa, kwa Kiingereza, na mwanakijiji mmoja kaalikwa kukaa nyuma, anapewa dakika tano mwishoni za kutoa shukrani. Slaidi zinapita, yeye anaona picha ya msikiti aliosali babu yake na haelewi kinachosemwa juu yake. Wakishaondoka wote ripoti inaenda kwa mfadhili, kijijini haifiki. Miaka miwili mbele anakuja mtaalam mwingine na dodoso lile lile, wazee wameshachoka kujibu, na mimi nawaelewa.

Kikao kikifanyikia kisiwani, chini ya mwembe, kwa Kiswahili, yanatoka mambo ambayo ukumbini huyapati. Utaambiwa wazi kwamba fulani alichukua mawe ya gofu akajengea msingi wa jiko, na utaambiwa pia kwa nini, kwamba kuleta tofali kutoka Masoko kwa boti ni gharama na hakuna aliyewahi kumweleza yale mawe ni nini. Utaambiwa shamba lake mlilimega mkaweka bikoni na hajui afanye nini na mihogo yake. Utaambiwa yale makaburi ya zamani watu bado wanayaendea kwa dua, kwa hiyo ukiweka uzio na kufuli umefunga mlango wa ibada ya mtu. Na mambo yanagongana, sitaki kusema uongo: chokaa ya asili inahitaji kuni nyingi kuchoma, na kuni nzuri zilikuwa za mikoko, mikoko hiyo hiyo tunayoipanda kulinda ufukwe. Matumbawe hai hayaguswi, lazima uchimbe ya nchi kavu. Haya hayana jibu la mara moja, yanataka watu wa misitu, watu wa malikale, mafundi na kamati ya kijiji wakae pamoja zaidi ya siku moja.

Wenzetu Kenya wana mfano mzuri wa misitu mitakatifu ya Wamijikenda wa pwani, inayoitwa Kaya, iliyoingia Urithi wa Dunia 2008. Ile misitu ilibaki kwa sababu wazee wa Kaya wana miiko yao, huingii hovyo, hukati mti hovyo. Wataalam walipofika walikuta ulinzi upo tayari, kazi yao ikawa kuupa nguvu ya sheria.

Ombi langu kwa maofisa wenzangu ni kwamba kila warsha ya malikale iwe na nusu ya siku mikono kwenye chokaa, mwalimu akiwa fundi wa pale na alipwe kama mwalimu, sio kama kibarua. Muhtasari uandikwe kwa Kiswahili, ubandikwe ofisi ya kijiji ndani ya mwezi. Tarehe 18 Aprili, siku ya kimataifa ya maeneo ya kihistoria, tusiimalizie kwenye hotuba, tupeleke watoto wa shule wakapime kuta na kamba.

Na wewe unayeishi karibu na gofu, nyumba ya kale, kaburi la zamani, popote, usisubiri mkutano wetu. Ukiona ufa mpya chukua penseli, sio rangi wala msumari, weka alama ndogo kwenye ncha zote mbili za ufa na uandike tarehe kwenye daftari lako. Piga picha ukiwa umeweka sarafu au kiberiti pembeni ili upana uonekane, alafu piga nyingine ya mbali ionyeshe ukuta wote. Rudi baada ya wiki mbili na baada ya kila mvua kubwa. Ufa ukivuka alama ya penseli maana yake unatembea, hapo usipite chini ya ukuta huo na zuia watoto. Peleka picha kwa mtendaji wa kijiji au mtaa na kwa mtu wa malikale wa wilaya yako. Usichimbe, usizibe na simenti, usivute mzizi. Ukiona kigae, shanga au sarafu ya zamani, kiache pale pale na utoe taarifa, sheria yetu ya mambo ya kale ya 1964 inataka utoe taarifa, na sisi tukikikuta mahali kilipolala kinatuambia mengi zaidi kuliko kikiwa mfukoni.

Ule ufa wa Kilwa, yule mvuvi ameuwekea alama zake. Jana katuma picha nyingine, ncha ya chini haijasogea, ya juu imesogea upana wa punje ya mchele. Fundi anavuka Alhamisi, maji yakijaa.