Akaunti feki haitakuokoa

Nimeisikia tena, safari hii kwa mtu aliyesoma kabisa: "Huyo mfanyakazi si atume tu bila jina, afungue akaunti feki, nani atamjua?" Jamani. Kazi yangu ni kukaa na watoa taarifa, yaani wafanyakazi wanaofichua maovu ya kazini kwao, kabla hawajatoa hiyo taarifa (na mara nyingi, kwa bahati mbaya, baada), na hiyo "nani atamjua" imeshanichosha. Atajulikana kwa kile alichokijua, jina litafuata lenyewe.

Barua isiyo na jina ikimfikia bosi, hahangaiki na mwandiko. Anajiuliza haya mambo waliyajua kina nani. Kikaoni walikuwepo wanne, wawili ni watu wake, wa tatu alishaondoka likizo ya uzazi kabla hati ya malipo haijasainiwa, sasa kabaki nani? Hapo hajaitwa hata fundi wa kompyuta. Na kuna wajanja zaidi, waraka mmoja unaenda kwa wakuu watano na kila nakala imebadilishwa kakitu, tarakimu huku, mkato kule, ikivuja wanaangalia tu ni mkato wa nani. Wewe umejificha nyuma ya akaunti feki na mkato umeshakutaja.

Kesi ya Reality Winner, yule dada wa Marekani aliyevujisha waraka wa siri wa ujasusi mwaka 2017, watu wanaipenda kwa sababu ya vile vidoti vya manjano ambavyo baadhi ya printa huviacha kwenye karatasi, vya kuonyesha ilichapwa na printa ipi. Sawa, vidoti vipo. Ila ukisoma kiapo cha FBI, wapelelezi wa serikali ya huko, unakuta mambo ya kawaida mno: chombo cha habari kilipeleka nakala ya huo waraka serikalini kuihakiki, nakala ikaonekana ina alama za mikunjo, maana yake ilichapwa, mfumo ukaonyesha ni watu sita tu waliichapa, na kati ya hao sita kompyuta ya kazini ya mmoja ilikuwa imewasiliana kwa imeli na chombo hichohicho. Basi. Miezi 63 jela.

Halafu kuna hili ndo linaniudhi kuliko yote: kutojulikana kabisa na kutunziwa siri watu wanavichanganya kama kitu kimoja. Ukitunziwa siri, kuna mtu anakujua na amebanwa kisheria asikutaje. Usipojulikana kabisa, hakuna anayekujua, na hapo watu hushangilia, bila kujiuliza mpelelezi akitaka kuuliza "hii akaunti ya benki ya tatu uliyoitaja ni ya nani" atamuuliza nani? Taarifa inalala. Mbaya zaidi, ukifukuzwa miezi minne baadaye unataka kwenda mahakamani kusema nimeadhibiwa kwa sababu nilifichua, na kitu cha kwanza utakachotakiwa kuonyesha ni kwamba ulifichua. Utaonyeshaje, wakati ulijitahidi kwa nguvu zote isionekane ni wewe? Umoja wa Ulaya kwenye direktiva yao ya 2019 (agizo ambalo nchi wanachama huliingiza kwenye sheria zao) walijaribu kulitatua: aliyetoa bila jina akaja kujulikana baadaye analindwa pia, ukionyesha ulitoa taarifa na ukaumizwa ni mwajiri anayebeba mzigo wa kuthibitisha sababu nyingine, kituo kinachopokea taarifa kikupe jibu la kupokea ndani ya siku 7 na mrejesho ndani ya miezi 3. Nzuri. Ila hiyohiyo direktiva imeziachia nchi ziamue zenyewe kama zitapokea taarifa zisizo na jina au la, kwa hiyo usiniambie Ulaya walishamaliza.

Na ushauri wa jumla ndo sumu, manake watoa taarifa hawafanani. Mhasibu au mkaguzi wa ndani, kila faili alilofungua limeandikwa saa na dakika, akianza leo kufungua mafaili ambayo si yake ameshajichoma. Nesi ushahidi wake uko kwenye mafaili ya wagonjwa, akiyatoa kiholela yeye ndo anageuka mshtakiwa, na zamu ya usiku wako watatu. Kibarua na mtu wa mkataba hafukuzwi, hapana, mkataba unaisha tu na "hatujaona haja ya kuendelea", nenda kathibitishe. Mgeni ambaye kibali chake kimefungwa kwa mwajiri huyohuyo, kwake kupoteza kazi ni kupoteza nchi, na watoto shule. Huyu ukimwambia "jitokeze, sheria inakulinda" unakuwa umemdanganya.

Wanajeshi na watu wa usalama hao ni habari nyingine. Kila mara naletewa Daniel Ellsberg, eti alivujisha nyaraka za vita vya Vietnam 1971 akashinda. Hakushinda kwa hoja ya maslahi ya umma! Kesi ilifutwa 1973 kwa sababu serikali yenyewe ilifanya uchafu, mpaka kuvunja ofisi ya daktari wake wa akili. Bila huo uchafu sijui tungekuwa tunasimulia nini.

Na kuna mahali ambapo suala la kazi ni dogo. Babita Deokaran, ofisa fedha wa idara ya afya ya Gauteng, Afrika Kusini, alipigwa risasi nje ya nyumba yake Agosti 2021, akiwa shahidi kwenye uchunguzi wa manunuzi. Nchi ina sheria ya kulinda watoa taarifa tangu 2000. Sheria ile inashughulika na mwajiri wako atakufanya nini kazini, haina mlinzi wa kusimama getini kwako.

Sasa niseme na la kwangu. Ushauri ninaoutoa zaidi ni "subiri, kusanya kwanza, ongea na wakili". Kwa mtoa taarifa ni ushauri mzuri, lakini kama anachotaka kufichua ni dawa mbovu, wakati yeye anasubiri kuna mtu anaimeza, na sijawahi kupata namna ya kupima mwezi mmoja wa usalama wake dhidi ya mwezi mmoja wa wale wengine. Wenzangu wengine wana jibu la haraka, mimi sina, na wenye jibu la haraka nawaogopa kidogo.

Kinachoniuma ni vitu vidogo vinavyoharibu kesi nzima. Kama unataka kuniuliza kitu usitumie imeli ya ofisini. Wala simu uliyopewa na ofisi, wala waifai ya ofisi hata kama simu ni yako, na usiniambatanishie nyaraka kwenye ujumbe wa kwanza. Niambie tu unafanya kazi ya aina gani, mkataba wako ni wa namna gani, na hilo jambo mnalijua watu wangapi. Tutaanzia kwenye hiyo idadi.