Kanola Ikilala Shambani, Kata Shina Kabla ya Kununua Dawa

Kanola, zao la mbegu za mafuta, inapokaribia kuvunwa, wakulima wa ngano wa Timau nchini Kenya wanaoipanda kwa mzunguko hutuuliza ni dawa gani itakayoinusuru mimea iliyokauka na kulala kabla punje hazijakomaa. Wakati huo hakuna. Shina lililokwisha kuoza haliponi kwa kupuliziwa, na mbolea ya majani inayonunuliwa kwa kudhani kwamba mmea umekosa madini ni fedha iliyotupwa.

Kinachofaa wakati huo ni kuutambua ugonjwa kwa ajili ya msimu ujao. Ng'oa mimea isiyopungua 50 kutoka sehemu mbalimbali za shamba, si ukingoni pekee, kisha ulikate shina pale linapokutana na mzizi. Ikiwa ndani pamekuwa peusi, na nje pana kidonda kikavu chenye vidoa vidogo vyeusi, huo ni ugonjwa wa mguu mweusi, unaoletwa na kuvu iitwayo Leptosphaeria maculans. Ikiwa shina limepauka na kuchanika nyuzinyuzi, lipasue kwa urefu: vipande vyeusi vigumu vinavyofanana na kinyesi cha panya ni alama ya Sclerotinia, kuvu nyingine inayoozesha shina, navyo hukaa udongoni miaka kadhaa vikiwa hai.

Kwa Sclerotinia, dawa hupuliziwa maua yanapochanua kati ya asilimia 20 na 50, kwa sababu kuvu huanza kuota juu ya petali zinazoanguka na kunasa kwenye makwapa ya majani. Tumia dawa iliyosajiliwa na PCPB (bodi ya Kenya inayodhibiti viuatilifu) pekee, na uheshimu idadi ya siku iliyoandikwa kwenye kibandiko kati ya kupulizia na kuvuna.

Mguu mweusi husafiri pia kwa mbegu. Anayeagiza mbegu kutoka nje hana budi kupata kibali cha KEPHIS (shirika la Kenya la ukaguzi wa afya ya mimea) kabla shehena haijaondoka, na shehena yenyewe iandamane na cheti cha afya ya mimea cha nchi itokako. Isiyo na hati hizo yaweza kurudishwa au kuteketezwa kwa gharama ya mwenyewe. Wanaoulalamikia utaratibu huu kuwa ni urasimu wakumbuke kwamba mwaka 2009 China iliiwekea vikwazo kanola ya Kanada kwa sababu ya ugonjwa huo huo.

Kuhusu mzunguko wa mazao, tunasisitiza jambo ambalo bado halizingatiwi: mkulima anayevuna kanola akapanda viazi, maharagwe au njegere hajaikatia Sclerotinia chakula, kwa kuwa mazao hayo yote huugua ugonjwa huo. Ngano na shayiri haziugui. Kanola isirudi katika shamba lile lile kabla ya miaka miwili au mitatu kupita, na shamba jipya liwe umbali wa angalau mita 500 kutoka kwenye mabua ya msimu uliopita, yawe yako au ya jirani, kwani huko ndiko upepo unakoichukua kuvu ya mguu mweusi.