Je, wajua? Jino likiacha kuuma lenyewe, huwa halijapona

Gego langu la chini upande wa kulia liliuma wiki mbili mfululizo, Desemba, msimu ambao Tabora nzima inanukia maembe. Mchana lilivumilika. Usiku nikishalala tu linaanza kudunda. Nilitafuna karafuu, nikasukutua maji ya chumvi, nikameza vidonge vya maumivu hadi muuza duka la dawa pale Ng'ambo akawa ananijua kwa jina. Siku ya kumi na tano nikaamka: kimya. Maji ya baridi, hamna kitu. Chai ya moto, hamna kitu. Nikatangaza nyumbani kwamba jino limepona. Shangazi akaitikia, "Mdudu kafa huyo."

Shangazi alikaribia ukweli kuliko mimi. Kweli kuna kitu kilikuwa kimekufa. Kilikuwa ni nyama ya ndani ya jino.

Huyo mdudu ana historia ndefu, na mimi mwenyewe nilimwamini hadi ukubwani. Anatajwa katika maandishi ya kale ya Babeli. Ulaya walifukiza mbegu mdomoni kwa karne nyingi ili atoke, na vitu vyeupe vilivyojikunja vilidondoka kweli kwenye bakuli. Vilikuwa viini vya mbegu zenyewe, zilizopasuka kwa joto. Mwaka 1728 daktari Mfaransa, Pierre Fauchard, aliandika kwamba amemtafuta mdudu huyo kwa hadubini asimwone. Mwaka 1890 Mmarekani Willoughby Miller akaeleza kinachotoboa jino: bakteria wa mdomoni hugeuza sukari na wanga kuwa asidi, na asidi ndiyo inayokula jino. Jaribio ninalolipenda zaidi ni la mwaka 1965. Panya waliolelewa bila kijidudu chochote mwilini walitobolewa meno hadi kwenye nyama, matundu yakaachwa wazi, chakula kikajaa humo. Nyama haikufa, na ilianza kujijengea kifuniko kigumu. Kwa panya wa kawaida ilioza. Kwa hiyo neno "mdudu" si kosa kabisa, ila ni wadogo mno kuonekana kwa macho, na hakuna moshi unaowafukuza.

Sasa, kwa nini linauma vile, halafu linyamaze?

Mjomba wangu ni mrina asali huko Sikonge, na mzinga wake wa gogo umenisaidia kuelewa jambo hili kuliko mchoro wowote. Nje gogo gumu, ndani uwazi, na tundu dogo la kupitia. Jino liko hivyo hivyo. Ndani ya enameli, gamba gumu la nje, na dentini, tabaka gumu lililo chini yake, kuna nyama laini yenye mishipa ya damu na neva, na karibu vyote hivyo huingilia kwenye ncha ya mzizi, kwenye tundu ambalo kwa kawaida halifiki nusu milimita.

Ukibana kidole mlangoni kinavimba, kwa sababu ngozi inatanuka. Nyama ya jino ikishambuliwa na bakteria nayo inataka kuvimba, lakini gogo halitanuki. Majimaji yanaongezeka, nafasi ni ile ile, presha inapanda, neva zinabanwa. Ukilala, kichwa kinakuwa usawa mmoja na moyo, damu inakifikia kwa nguvu zaidi, na unahesabu mapigo ya moyo kwa jino. Hayo ndiyo maelezo yanayotolewa mara nyingi kuhusu maumivu ya usiku. Yanaingia akilini, ingawa vipimo vya moja kwa moja ndani ya jino la mtu aliyelala ni haba.

Zamani wataalamu walidhani presha hupanda mzinga mzima kwa mkupuo na kuinyonga mishipa pale tunduni. Vipimo vilivyofanywa kwenye meno ya paka, vikachapishwa mwaka 1983, vilionyesha kwamba presha hupanda pale penye uvimbe tu. Milimita moja au mbili pembeni hali ni ya kawaida. Yaani jino hufa sega kwa sega. Neva ya mwisho ikifa, mwenye jino anashukuru Mungu na kurudi kwenye maembe.

Mjomba anasema mzinga uliohamwa na nyuki haukai mtupu. Nondo wa nta wanaingia, siafu wanaingia. Ndani ya jino lililokufa bakteria wanabaki, na hakuna damu ya kuwapelekea askari wa mwili. Amoksilini nayo husafirishwa na damu, kwa hiyo haifiki kule ndani. Hata jino lenye nyama iliyovimba ikiwa bado hai halionekani kunufaika: penisilini ilipolinganishwa na vidonge visivyo na dawa ndani, maumivu hayakutofautiana. Jaribio hilo lilikuwa na watu 40 tu, kwa hiyo lisibebeshwe mzigo mkubwa.

Miezi saba baadaye nilitafuna karanga nikaruka kitini. Jino lililokufa linaumaje? Kinachouma ni kilicholishikilia. Mzizi umening'inizwa tayani kwa nyuzi zenye neva na damu yake, inayotoka kwenye mfupa, na usaha ulikuwa umevuja kwenye ncha ya mzizi hadi kwenye nyuzi hizo. Nyuzi hizo hizo ndizo zinazolifanya jino mfu lidumu mdomoni miaka mingi likisafishwa vizuri.

Zahanati ya kwanza niliyoenda walikuwa wanang'oa tu. Ya pili walikuwa na eksirei na daktari anayetibu mizizi. Alinichoma ganzi, akatandaza kipande cha mpira kuzunguka jino ili mate yasiingie, akatoboa juu, akapitisha tupa nyembamba kama sindano hadi karibu na ncha, huku akiosha kwa dawa ya jamii ile ile inayong'arisha nguo nyeupe. Mara mbili nilirudi. Mwishoni harufu ya karafuu ikajaa chumba: simenti yake ilikuwa na mafuta ya karafuu. Mifereji ya ndani ya mizizi ikajazwa gutapacha, utomvu wa mti wa Malesia uliotumika pia kufunika waya wa kwanza wa telegrafu uliopita chini ya Atlantiki mwaka 1858. Baadaye gego likavikwa kofia, maana gego lililotobolewa hivyo hupasuka kirahisi.

Si kila jino linalouma linahitaji haya. Linaloshtuka kwa baridi sekunde chache kisha likatulia mara nyingi huzibwa tu. Linaloendelea kuuma dakika kadhaa baada ya maji, au linalokuamsha usiku, nyama yake pengine haiokoki, japo dalili na hali halisi ya ndani havilingani kila mara. Shavu likivimba pamoja na homa, au ukishindwa kumeza au kufungua mdomo, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Shangazi alitaka kujua kama mdudu ameonekana. Nikampa picha ya eksirei: mizizi miwili, na ndani yake mistari mitatu myeupe ya gutapacha, imepinda kidogo kufuata mizizi. Akaisogeza karibu na dirisha, akaitazama sana.

"Si hawa hapa?"