Anaruhusiwa Kunihubiria?

Wanaoniletea swali hili ni wa aina mbili. Wa kwanza ni mlokole aliyeandikiwa barua ya onyo kazini kwa kuwa "anawasumbua wenzake na habari za wokovu". Wa pili ni mtu asiyeamini, au aliyewahi kuamini akaacha, na sasa amechoka kuombewa bila kuomba. Wote wawili wamesoma Katiba ileile, na kila mmoja ana hakika kwamba iliandikwa kumtetea yeye.

Mimi ni wakili wa masuala ya ajira, Nairobi. Sikuyatafuta mashauri ya imani. Yalinifuata humohumo kazini, maana kazini ndiko watu wa kila namna wanakolazimika kukaa chumba kimoja saa nane kwa siku.

Jibu la swali ni fupi: ndiyo, anaruhusiwa. Ibara ya 32 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa kila mtu haki ya kuidhihirisha imani yake, hadharani au faraghani, na kuifundisha. Ibara ya 19 ya Katiba ya Tanzania inataja waziwazi kazi ya kutangaza na kueneza dini, ikasema ni huru na ni hiari ya mtu binafsi. Kwa hiyo anayeniuliza kama anaweza kumshtaki jirani kwa kumwambia "Yesu anakupenda", namrudisha nyumbani na nauli yake.

Lakini ibara hiyohiyo ya 32 ina kifungu cha nne ambacho wengi hawafiki kukisoma: mtu hatalazimishwa kutenda jambo lililo kinyume na imani yake. Na Ibara ya 8 inasema Kenya haina dini ya taifa. Tanzania nayo, katika Ibara ya 3, inajiita nchi "isiyokuwa na dini". Hapo ndipo ninapoanzia. Mteja akiketi, simuulizi mhubiri alisema nini. Namuuliza: ulikuwa na uwezo wa kuondoka? Na kama ungeondoka, ungepoteza nini?

Sikulitunga swali hili. Lina historia, na sehemu nzuri ya historia hiyo iko kisiwani Krete, nchini Ugiriki.

Mwaka 1938, chini ya utawala wa kidikteta wa Metaxas, Ugiriki ilitunga sheria ya kumfanya mhalifu yeyote anayewashawishi watu waache imani yao. Minos Kokkinakis, aliyezaliwa 1919 katika familia ya Kiothodoksi, alikuwa amekwisha kuwa Shahidi wa Yehova tangu 1936. Sheria hiyo ikawa kama imeandikwa kwa jina lake: alikamatwa zaidi ya mara 60. Mwezi Machi 1986 yeye na mkewe walibisha hodi kwenye nyumba ya mama mmoja mjini Sitia, wakakaribishwa, wakaanza kuzungumza naye. Bahati mbaya mume wa mama huyo alikuwa mwimbishaji wa kanisa la Kiothodoksi la pale mjini. Akaita polisi. Wote wawili wakatiwa hatiani. Kwenye rufaa mke akaachiliwa, mume akabakiziwa kifungo cha miezi mitatu.

Mei 25, 1993, Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, kwa majaji sita dhidi ya watatu, ilisema Ugiriki imemvunjia haki yake. Mama yule alikuwa mtu mzima, nyumbani kwake, na angeweza kumwambia mgeni "asante, hapana" na kufunga mlango. Ninachokipenda zaidi katika hukumu hiyo ni kwamba majaji, wakieleza kwa nini uhuru wa imani ni wa thamani, waliwataja pia wasiomwamini Mungu, wenye mashaka na wasiojali kabisa. Hukumu iliyomwokoa mhubiri aliyekamatwa mara zote hizo ndiyo hiyohiyo ambayo asiyeamini anaishika mkononi leo.

Miaka mitano baadaye Ugiriki ilirudi mahakamani hapohapo. Safari hii walikuwa maofisa watatu wa jeshi la anga, Wapentekoste, walioadhibiwa kwa kuwahubiria askari waliokuwa chini yao na pia raia wa kawaida. Mahakama iliwagawa wasikilizaji mafungu mawili. Kwa raia, ikasema maofisa wameonewa, kwa kuwa raia angeweza kuwapa mgongo. Kwa askari wa chini, ikasema adhabu ilikuwa halali. Askari hampi mgongo mkubwa wake. Anaweza kuona mazungumzo ni ya kirafiki, lakini anayezungumza ndiye atakayeandika ripoti yake. Wahubiri ni walewale, na ujumbe ni uleule.

Hukumu za Ulaya hazimfungi jaji wa Nairobi wala wa Dodoma. Hata hivyo sijaona kipimo kinachofaa ofisi zetu kuliko hicho cha wanajeshi.

Chukua maombi ya Jumatatu asubuhi. Ofisi nyingi za binafsi hapa kwetu zinayo: saa mbili kasorobo, wimbo mmoja, neno fupi, kisha matangazo ya kazi. Hayo matangazo ndiyo ujanja wenyewe, hata pale ambapo hakuna aliyekusudia ujanja. Asiyekuja kwenye maombi hajui ratiba ya wiki. Halafu inakuja sauti ya upole mlangoni:

"Kijana wangu, Jumatatu hatukukuona."

"Nilichelewa, madam."

"Haya. Lakini Mungu anakuona."

Hapo hakuna tusi wala tishio. Yule madam pengine anampenda kijana huyo kwa dhati na anamwombea usiku. Lakini kijana anajua nani anatia sahihi mkataba wake ukifika Desemba, na kuanzia siku hiyo ataanza kufika, ataimba, atafumba macho. Katika hesabu za bosi ni roho iliyopatikana.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 5, inakataza kumbagua mfanyakazi kwa dini, na kifungu cha 46 kinasema dini haiwezi kuwa sababu ya kumfuta. Kule Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema vivyo hivyo katika kifungu cha 7. Shida ni ushahidi. Hakuna mwajiri atakayeandika "tunakufuta kwa kuwa huji maombini". Ndiyo maana nawaambia wateja watunze vitu vidogo: ujumbe wa WhatsApp wa kundi la ofisi unaosema maombi ni lazima, karatasi ya mahudhurio iliyozungushwa wakati wa ibada, tathmini ya kazi iliyokuwa nzuri miaka yote ikaharibika ghafla. Na kabla ya hayo yote, barua fupi ya adabu: "Naomba kujiunga nanyi wakati wa matangazo." Usieleze kwa nini huamini. Ukianza kueleza, umefungua mjadala wa dini, na mjadala wa dini hauna hakimu.

Taasisi za dini zina nafasi yake. Shule ya misheni ikimtaka mwalimu wa dini awe muumini, sheria inaiunga mkono, kwa kuwa imani ni sehemu ya kazi yenyewe. Ikimtaka mpishi aonyeshe cheti cha ubatizo, mimi niko tayari kwenda mahakamani.

Cheo si lazima kiwe cha kuandikwa kwenye barua ya ajira. Mgonjwa aliyelala kitandani hana cheo chochote mbele ya muuguzi. Uingereza muuguzi mmoja aliyewahoji wagonjwa kabla ya upasuaji alifutwa kazi 2016 baada ya kuendelea kuwazungumzia imani ingawa alikwisha kuonywa; mgonjwa mmoja wa saratani ya utumbo alisema aliambiwa akiomba atakuwa na nafasi kubwa zaidi ya kupona. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufaa ilisema kufutwa kule kulikuwa halali. Najua wasomaji wangu walokole hawataipenda hukumu hiyo. Nawaomba wamtazame mgonjwa tu: anaingia kupasuliwa na hajui atatoka, na anayemwambia hivyo ndiye mwenye faili lake.

Mabasini kuna kisa kingine. Mhubiri anapanda steji, anasimama kando ya dereva, anaiombea safari, anahubiri kwa nusu saa, anapitisha bahasha ya sadaka, anashuka. Abiria aliyelipa hadi Nakuru hawezi kushuka naye. Abiria wengi wanafurahia, hasa kwenye safari za usiku, na barabara zetu zilivyo siwalaumu. Lakini anayetaka kulala au kusoma amefungiwa.

Wamarekani waliwahi kugombana juu ya jambo la jinsi hii. Kampuni ya usafiri ya Washington iliweka redio kwenye magari yake, abiria wakashtaki, na 1952 Mahakama ya Juu ikairuhusu redio. Jaji Frankfurter alijitoa kwenye kesi, akaeleza kwamba yeye mwenyewe ni mhanga wa redio hizo na hisia zake ni kali mno kuhukumu kwa haki. (Jaji anayepanda magari ya umma! Tuyaache hayo.) Mimi sishauri mtu aende mahakamani kwa ajili ya mhubiri wa basi. Mwenye gari ndiye mwenye uamuzi, na abiria wakimwandikia, anasikia haraka kuliko mahakama. Ukitaka kuona tofauti, nenda bustani ya Jeevanjee saa saba mchana. Wahubiri wapo wa kutosha, wanapiga kelele kuliko yule wa basini, na wapita njia wanapita zao.

Sasa kelele. Hii ndiyo kesi rahisi kuliko zote, na ndiyo tunayoigeuza vita vya imani. Kanuni za kelele za Kenya za 2009 zinaweka kikomo cha desibeli 35 usiku, kuanzia saa mbili hadi saa kumi na mbili asubuhi, kwa nyumba za ibada na makazi pia. Desibeli 35 ni kidogo mno. Kwaya ya watu kumi bila spika inaivuka. Kwa hiyo karibu kesha lolote lenye vipaza sauti linavuka kikomo hicho, na Katiba imeikabidhi kaunti kazi ya kudhibiti kelele. Anayeandika malalamiko aandike tarehe, saa, na umbali kutoka kitandani kwake. Barua nilizosoma zinaanza vizuri, kisha aya ya pili inasema wachungaji wote ni matapeli. Afisa wa kaunti, ambaye Jumapili ni shemasi, anaishia hapo.

Na wasioamini? Sensa ya Kenya ya 2019 ilihesabu watu 755,750 waliosema hawana dini, pungufu ya 922,128 wa sensa ya 2009. Chama cha wasiomwamini Mungu kilisajiliwa Februari 2016, na kabla miezi mitatu kuisha usajili ukasimamishwa kwa hoja ya amani na utulivu. Kimerudi, kipo, na 2025 Mahakama Kuu ilitupa ombi la askofu aliyetaka kifutwe. Katikati ya hayo, mwaka 2021, katibu wake alijiuzulu akisema amempata Yesu. Chama kikamtakia heri hadharani na kutangaza kwamba nafasi iko wazi. Viongozi wa dini wangapi wangemuaga hivyo padri au imamu aliyeacha?

Ila wasioamini nao huhubiri, na baadhi yao huhubiri vibaya. Nimeona mtu akichagua msiba wa mama yake rafiki kueleza kwamba hakuna mbingu. Hapo watu hukimbilia sheria ya kashfa: kifungu cha 138 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, au cha 129 cha Tanzania, vinavyoadhibu maneno yenye nia ya kujeruhi hisia za kidini. Vifungu hivi ni mabaki ya mkoloni, vimetokana na sheria ya jinai ya India, na mimi sivipendi. Leo unamfunga nacho asiyeamini. Kesho kinakurudia wewe, kwa kuwa hakuna mahubiri ya kubadili dini yasiyomgusa mtu. Februari 1998 polisi waliingia Mwembechai, Dar es Salaam, baada ya malalamiko kwamba kwenye mihadhara ya Waislamu Yesu anakashifiwa, na watu wakapoteza maisha. Waliokwenda kwenye mihadhara hiyo walikwenda kwa miguu yao, na wangeweza kurudi kwa miguu hiyohiyo.

Waumini wenyewe wanacho kipimo hiki kwenye vitabu vyao. Qur'ani inasema hapana kulazimishwa katika dini. Katika Mathayo, Yesu anawaambia wanafunzi kwamba wasipokaribishwa watoke, wakung'ute mavumbi. Hawaambii warudi kesho na spika.

Juzi alinipigia mkurugenzi mmoja ambaye haamini. Wafanyakazi wake wanakutana chumba cha mikutano saa ya chakula kusoma Biblia, kwa hiari yao, mlango umefungwa, na mmoja ameweka Biblia juu ya meza yake ya kazi. Alitaka kujua kama anaweza kupiga marufuku yote mawili. Nikamwambia chumba ni cha kampuni, kwa hiyo akitaka kukifunga akifungie makundi yote, pamoja na wale wa drafti. Biblia aiache. Akakata simu kabla sijamwambia gharama ya ushauri.