Lamu: si kimbunga kinachowahamisha watu

Familia ikihama pwani, wengi hudhani imekimbia kimbunga. Kwa Lamu dhana hiyo haisimami. Kisiwa kiko karibu digrii 2 tu kusini mwa Ikweta, ambako mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kutosha kuupinda upepo ukawa kimbunga. Hata kimbunga Hidaya, Mei 2024, kiliishiwa nguvu Tanzania, karibu na Mafia. Kusi hukaza, naam, lakini wavuvi wanaijua tangu enzi za mababu.

Kinachochosha watu huja polepole, ndani ya kisima. Mji wa Lamu hunywa maji ya mvua yaliyochujwa na vilima vya mchanga vya Shela. Maji hayo matamu ni mepesi, hivyo hukaa juu ya yale ya chumvi chini ya ardhi. Yakivutwa kupita kiasi, chumvi hupanda. Vilima vikijengwa, mvua haipati pa kuzama. Mwenye nyumba hununua maji kwa mitungi, mwezi baada ya mwezi, hadi gharama imshinde.

Vilima vya Shela vinalindwa kisheria, lakini ujenzi bado unavinyemelea. Hilo linaniuma, kwa sababu hakuna ukuta wa bahari utakaorudisha utamu wa kisima.