Kwa nini mpira wa softiboli hulengwa kwa miguu kabla ya mkono?

Umewahi kumwona mlinzi wa softiboli akiudaka mpira vizuri kabisa, akaurusha kwa nguvu zake zote, na bado ukapita juu ya kichwa cha mwenzake? Watazamaji husema mkono umemponza. Mara nyingi wanauonea mkono huo, kwa sababu kosa lilikwisha tendeka punde kabla, kule chini, mguu ulipotua.

Kwa asiyeujua mchezo huu, mpigaji akishaupiga mpira kwa gongo hukimbilia kituo cha kwanza, kilicho umbali wa mita 18.29. Mpira uliobiringika chini ukidakwa na kumfikia mlinzi aliyekanyaga kituo hicho kabla ya mkimbiaji kufika, mkimbiaji ametolewa. Mwenye mbio huimaliza safari hiyo kwa takriban sekunde 3. Katika muda huo mlinzi aufuate mpira, audake, ageuke na kuurusha. Ndiyo maana wengi huona hatua za miguu zinawachelewesha, wakaziacha, na mpira ukaenda kusikojulikana.

Nguvu ya kurusha haizaliwi begani. Mguu wa nyuma husukuma ardhi, nyonga zikazunguka, kifua kikafuata, kisha bega, kiwiko, na vidole mwisho kabisa. Kila kiungo hupokea mwendo wa kilichotangulia na kuuongeza. Jaribu mwenyewe: piga magoti yote mawili urushe mpira polepole, halafu simama, piga hatua, urushe tena. Ukiwa magotini utalisikia bega likibeba kazi ya mwili mzima, na bega lililoelemewa haliwezi kurudia mwendo uleule kila mara. Shabaha hupotea papo hapo.

Sasa mtazame kwa karibu mlinzi anayetumia mkono wa kulia. Anaudaka mpira miguu ikiwa imepanuka kupita mabega, magoti yamekunjwa, mguu wa kushoto umetangulia kidogo. Mpira ukishaingia kwenye glavu, mguu wa kulia unapita mbele ya ule wa kushoto na kutua kwa ubavu, upande wa ndani wa wayo ukimtazama mpokeaji. Kwangu mimi hatua hiyo ndiyo roho ya urushaji wote. Wayo ukikaa hivyo, nyonga hugeuka zenyewe na bega la kushoto likaelekea kwenye shabaha bila mtu kulifikiria. Kisha mguu wa kushoto unapiga hatua moja kwa moja kuelekea kwa mpokeaji, mkono unarusha, na mwili unaendelea mbele hatua moja au mbili.

Mguu huo wa kushoto ukitua kulia mno mwa mstari, nyonga hujifunga na mkono ukalazimika kuuzunguka mwili. Ukitua kushoto mno, kifua hufunguka mapema, mkono ukabaki nyuma, na mpira ukapaa kuelekea kulia. Kupotoka kwa digrii 2 tu kunatosha kuupeleka mpira sentimita 64 nje ya shabaha ukirushwa umbali wa zile mita 18.29.

Kwa mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, hesabu ni kali zaidi. Mkimbiaji akiondoka kituo cha kwanza kuiba cha pili, yaani kukikimbilia bila kungoja mpira upigwe, mdakaji hurusha mita 25.86, na digrii zilezile 2 sasa ni sentimita 90. Wadakaji wa kiwango cha juu huufikisha mpira huko kwa muda usiofika sekunde 2 tangu uguse glavu yao. Hawana nafasi ya kusimama wima kwanza. Mpira unapoingia kwenye glavu, mguu wa kulia unasogea mbele kidogo chini ya kidevu na kugeuka kwa ubavu, huku glavu ikiupeleka mpira karibu na sikio la kulia. Hatua fupi ya kushoto inafuata, na mpira umeondoka. Anayenyoosha magoti kabla ya kugeuza mguu hupanda juu, akashuka, ndipo akarusha, na kwa kupanda na kushuka huko mkimbiaji amekwisha pata hatua kadhaa.

Walinzi wa nyuma uwanjani wana nafasi kubwa kidogo, kwa hiyo huongeza mruko mfupi unaofananishwa na wa kunguru: wanaruka kwenda mbele, wanatua kwa mguu wa kulia uliogeuzwa ubavu, wanarusha. Kasi ya mbio zao huingia kwenye mpira.

Hata anayepokea ana kazi ya miguu, na hilo husahauliwa sana. Mlinzi wa kituo cha kwanza hukikanyaga kwa mguu mmoja na kuunyoosha mwingine kuupokea mpira mapema. Wanaoanza hunyoosha mguu huo mara tu mwenzao anapoinua mkono. Ukishanyooka, mwili umefungwa upande mmoja. Mpira ukipotoka zile sentimita 64 upande wa pili, unampita akiutazama, ilhali angesubiri mpaka auone unakoelekea angeufikia kwa hatua moja, wayo wake ukiwa bado juu ya kituo.